Vikombe Arobaini Kwenye Gazeti

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi katika kikao cha Kamati za Sharika, Mikocheni)



Nimeombwa nieleze kwa nini darasa la kuchora la Jumamosi liendelee kupewa fedha za karatasi na penseli. Hoja iliyo mezani naijua. Miezi sita imepita, na siku ya mnada wa mavuno hatukuwa na picha hata moja ya kuuza. Mjumbe mmoja alifungua kabati akakuta rundo la karatasi zenye mistari, maduara na maboksi, akauliza kama hicho ndicho vijana wanachofundishwa. Ndicho. Naomba niwaeleze sababu.

Kijana anaweka nukta mbili mbalimbali, kisha anaziunganisha kwa mstari mmoja bila rula, mkono ukitembea kuanzia begani na si vidole peke yake. Mwanzoni mstari unapinda kama uchochoro wa Manzese. Anarudia mpaka ukurasa ujae. Halafu yanafuata maduara, boksi, na mcheduara, yaani umbo la kopo la maziwa. Aliyeweza kopo ameshapata ndoo, sufuria, ngoma, shina la mnazi, hata mkono wa mtu. Aliyeweza boksi amepata kitanda, kabati, nyumba na daladala. Vijana wawili wa darasa hili wanajifunza useremala, na mteja akieleza kabati analolitaka, sasa wanaweza kumchorea kabla mbao haijakatwa.

Pamoja na hayo, nakiri kwamba kosa kubwa la darasa hili lilikuwa langu. Nilikuwa napita kati ya madawati nikisema "safi sana" na "hongera" kwa kila mtu. Nilidhani ndiyo kuwatia moyo. Kijana mmoja alichora kikombe majuma matatu mfululizo, nami nikamsifu majuma yote matatu. Siku moja fundi seremala mmoja alipita kutuona, akakitazama kile kikombe, akasema: "Hiki kitaanguka. Mdomo umeuchora kama unautazama kutoka juu, kitako umekinyoosha kama unakitazama kutoka ubavuni."

Kijana hakujibu kitu. Jumamosi iliyofuata hakuja. Nilimkasirikia fundi, nikaenda nyumbani kwao. Mama yake, anayeuza maandazi asubuhi, akaniambia mtoto yupo ila hataki kusikia habari za kuchora. Nikarudi nikijua tumempoteza.

Juma lililofuata alikuja na ukurasa wa gazeti la zamani, umejaa vikombe alivyochora kwa mkaa wa jikoni. Nilivihesabu: arobaini. Vya kwanza vilikuwa na kitako kilichonyooka. Katikati kitako kikaanza kupinda, na vya mwisho vimekaa mezani vizuri kabisa. Akaniuliza, "Mwalimu, mbona wewe hukuniambia?"

Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo tunatandaza karatasi sakafuni kabla ya kufunga. Mwenye mchoro anaanza kusema mwenyewe wapi palimshinda. Wengine wanaonyesha kwa kidole mahali pamoja tu, na waseme pafanyweje. Neno "mbaya" tumelikataa, na "safi" pia. Haikuwa rahisi. Wasichana wawili waliacha kuja kwa kuona aibu mbele ya wenzao, na mmoja tu ndiye aliyerudi. Kwa hiyo sasa mgeni anaongeleshwa peke yake mpaka azoee.

Kujifunza kwa namna hii si jambo geni mjini kwetu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968, hapo jirani Msasani na Oysterbay, kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, hakuwa na shule. Ndugu na jamaa zake walikaa pembeni yake wakitazama na kushika brashi. Alifariki mwaka 1972, lakini kazi ikaendelea mikononi mwao, na mwaka 1990 wakawa na ushirika. Hapa hapa Mikocheni ipo pia Nafasi Art Space, iliyoanza mwaka 2008, ambako wasanii hufanya kazi bega kwa bega. Ningependa tuwapeleke vijana wakatazame, nauli ikipatikana.

Kuhusu picha za kuuza, msimamo wangu ni tusubiri. Kijana akikaririshwa twiga mmoja kwa ajili ya mnada, atajua twiga huyo mmoja.

Wafadhili wetu huomba picha za kuweka kwenye taarifa. Safari hii nitawapelekea karatasi mbili za kijana yule yule, ya kwanza na ya karibuni, na tarehe zimeandikwa nyuma. Kwa Kamati ninaomba karatasi, penseli na vifutio. Rangi siombi mwaka huu. Naomba pia wanaosafisha ukumbi wasitupe karatasi za zamani.

Ule ukurasa wa gazeti nimekuja nao, kwa ruhusa ya mwenyewe. Upo meza ya nyuma, karibu na birika la chai. Anzieni kona ya juu, kushoto.