Wanaotoka ni Wangapi?



Desemba ikiingia, makao ya watu wasio na nyumba jijini Nairobi hupokea wageni karibu kila wikendi. Lori linashusha marobota ya unga, mafuta ya kupikia, magodoro na mitumba. Watoto wanapangwa mstari, picha zinapigwa, hotuba inatolewa, lori linaondoka. Januari unga ungalipo, lakini tokeni za umeme zimekwisha, mlinzi wa usiku anadai mshahara, na choo kimejaa kinangoja gari la kunyonya maji taka. Sijamwona mfadhili aliyeomba kupigwa picha kando ya gari hilo.

Nia ya watoaji sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kipimo chetu. Tumezoea kuuliza makao fulani yanalaza watu wangapi, na mkurugenzi anajua kwamba vitanda vilivyojaa ndivyo vinavyoleta msaada. Kitanda kitupu kinamtia hofu, hata kama kimebaki kitupu kwa sababu mama aliyekuwa akikilalia amepata chumba chake. Hapo tunamlipa mtu kwa kuwaweka watu, si kwa kuwatoa.

Kutoka kwenyewe ni kazi. Mfikirie mama mwenye watoto watatu aliyefungiwa mlango kwa kukosa kodi. Usiku wa kwanza anahitaji chakula, maji ya kuoga na pa kulala bila woga. Wiki ya pili anahitaji karatasi. Kitambulisho kimepotea, na bila hicho hawezi kusajili laini ya simu ya kupokelea pesa, wala kujiandikisha kwa bima ya afya ya SHA. Akienda kwa chifu kutafuta barua, anaulizwa: unaishi wapi? Watoto nao wanatakiwa vyeti vya kuzaliwa shuleni. Kuna mtu lazima aandamane naye ofisi hadi ofisi, na huyo mfanyakazi wa kijamii anahitaji nauli na mshahara, vitu ambavyo havipakiwi kwenye lori.

Halafu mwanawe wa kwanza ana miaka kumi na mitano. Makao mengi ya akina mama hayapokei wavulana wakubwa, kwa sababu za usalama zinazoeleweka. Basi mama anachagua: aingie na wadogo amwache huyu nje, au warudi wote kwenye baraza la duka. Wapo wanaorudi, nasi tunasema wamekataa msaada.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mama huyu ni kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti, jiko, sufuria mbili na mtaji wa kuanzia genge la mboga. Ni pia mtu wa kumtembelea mwezi wa tatu, kodi inapoanza kuyumba, kabla mwenye nyumba hajaongeza kufuli lake mlangoni.

Sheria hatuna uhaba nayo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha. Hazina ya kurekebisha maisha ya familia za mtaani ipo tangu 2003, mwaka ambao serikali mpya ya NARC iliwatoa vijana barabarani na kuwapeleka Huduma ya Vijana kwa Taifa kupata mafunzo. Miaka 15 baadaye, sensa ya 2018 ilihesabu watu 46,639 wanaoishi mitaani nchini, Nairobi ikiongoza kaunti zote.

Na sasa kuna mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi, wa 2022 hadi 2032, unaotaka watoto watoke vituoni warudi kwa familia. Naunga mkono: mtoto hukua vizuri zaidi nyumbani kuliko kwenye bweni la vitanda hamsini. Lakini mtoto anayerudishwa kwa mama asiye na chumba amerudishwa barabarani, hata faili likisema ameunganishwa na familia. Fedha za kumtoa mtoto kituoni na fedha za kumpangishia mama yake chumba ziende pamoja.

Kuna atakayesema wengine hupewa chumba wakarudi mtaani. Ni kweli. Kuna waliozama kwenye gundi na pombe, na kuna wagonjwa wa akili ambao msaada wa miezi sita hauwatoshi. Hao wanahitaji daktari na muda mrefu. Wasifanywe sababu ya kumnyima dipoziti mama ambaye kosa lake ni kukosa kibarua miezi miwili.

Kwa hiyo, msikilizaji, kabla kanisa lenu, msikiti wenu au chama chenu hakijakodi lori mwaka huu, mpigie simu mkurugenzi wa makao. Muulize: mwaka jana walitoka wangapi wakaenda kwenye vyumba vyao? Wangapi bado wamo katika vyumba hivyo? Ulikwamishwa na nini kwa wale wengine? Akijibu ni kodi, lipeni kodi. Akijibu ni mshahara wa mfanyakazi wa kijamii, changeni mshahara. Akijibu ni choo, basi lipieni gari la maji taka, na mkitaka picha, pigeni hapo hapo.

Hayo ni maoni yangu.