Mtoto Msumbufu Darasani: Je, Anasikia?

(Muziki wa kipindi, kisha unapungua)

MTANGAZAJI: Wazazi, walezi na walimu mnaotusikiliza hapa Nyarugusu, leo tunamzungumzia yule mtoto ambaye kila wiki mnaitwa shuleni kwa ajili yake.

Mimi nina mdogo wangu. Darasani alikuwa hatulii: anageuka nyuma, ananyang'anya wenzake daftari, akiulizwa swali anacheka. Alichapwa, akapigishwa magoti juani. Nyumbani mama akamchapa tena. Mimi nilimwita mkaidi, na leo naona haya. Mwishowe akaanza kutoroka, akawa anashinda bombani na wachota maji.

Jioni moja nikamwita akiwa amenipa mgongo. Kimya. Mara tatu, kimya. Mama jirani akaniuliza, "Lile sikio lake bado linatoa usaha?" Ndiyo, lilikuwa linatoa tangu mvua za masika. Sisi tulishazoea, tunapangusa tu. Kumbe mtoto hamsikii mwalimu! Daftari alikuwa anazinyang'anya ili aone wenzake wameandika nini.

Ndugu mzazi, kabla hujashika fimbo, simama nyuma ya mtoto hatua chache, asiuone mdomo wako, umwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka, au sikio likitoa usaha au harufu, mpeleke zahanati. Usitie mafuta, wala maziwa ya mama, wala maji ya majani. Sokota kitambaa safi cha pamba, likaushe taratibu mara kadhaa kwa siku, na akioga maji yasiingie. Usaha ukiendelea zaidi ya wiki mbili unaweza kumharibia usikivu.

Kisha nenda kwa mwalimu, usiende kugombana. Sema, "Mwalimu, mwanangu hasikii vizuri sikio la kushoto, naomba akae mbele." Najua madarasa yetu yamejaa na wengine wanakaa chini. Lakini kumsogeza mtoto mbele hakuna gharama. Nawe mwalimu, ukimpa kazi mtazame usoni, umwombe arudie ulichosema.

Si wote wenye shida ya sikio. Wapo wenye njaa siku za kungojea mgao, na wapo waliokimbia risasi, mlango ukigonga wanaruka. Hao tutawazungumzia wiki ijayo.

Mdogo wangu sasa anakaa dawati la kwanza. Saa ya mapumziko bado ni mchokozi, hilo silifichi. Ila hatoroki tena.

(Muziki)