Makala ni ya mwenye kuiandika: maneno tuliyosema Kasenga



Tumetoka Lubumbashi kuja kusema juu ya karatasi moja: kontra ambayo maprofesere na maasistanti wetu wanatia sahihi bila kuisoma. Mutatuuliza, inamuhusu nini mutu wa Luapula mwenye kuvua samaki? Inamuhusu sana.

Mutafiti anakuya, anapima maji, anapima samaki, anauliza mwenye mutumbwi maswali ya masaa mbili. Kisha anarudi, anaandika, makala inatoka mu gazeti ya elimu ya Ulaya. Siku munataka kuisoma, mara nyingi intaneti inawaomba dola 30 na zaidi. Hesabuni wenyewe ni mafungu ngapi ya samaki. Na mwandishi hapati hata franka moja ku hiyo pesa.

Tutoe mufano wa kwetu. Mu 2009, Profesere Célestin Banza wa Iniversite ya Lubumbashi na wenzake wa Leuven, kule Ubelgiji, walitangaza mu Environmental Research matokeo ya mikojo ya watu wa Katanga wenye kukaa karibu na migodi na viwanda. Kobalti waliyoikuta ilipita yote iliyokuwa imetangazwa mbele kwa watu wa kawaida. Mikojo ya watoto wetu ilikuwa ndani, lakini ku mulango wa muuzaji makala inalipwa. Mu 2018 waliandika tena, juu ya mtaa wa Kasulo, Kolwezi, mu Nature Sustainability. Hiyo nayo inauzishwa. Lakini hati ya waandishi wenyewe iko bure mu maktaba ya intaneti PubMed Central. Namna gani?

Makala moja iko na sura tatu. Kuko ile mwandishi anatuma kwanza. Kuko ile iliyosahihishwa kisha wenye elimu wenzake kuichunguza, na gazeti ikaikubali. Na kuko ya mwisho, yenye gazeti imepanga na kutia alama yake. Mara nyingi gazeti inashikilia hiyo ya mwisho. Ya pili, magazeti mengi yanamuruhusu mwandishi kuiweka mu maktaba ya chuo chake, kisha kungojea miezi fulani. Ruhusa iko, lakini wengi wa walimu wetu hawaitumii. Wengine wanaogopa, wengine hakuna aliyewaambia.

Ubelgiji wamefika mbali zaidi. Sheria yao ya 30 Julai 2018 inampa mwandishi haki ya kufungua hati iliyokubaliwa kisha miezi 6, ao 12 kwa elimu za jamii, kama utafiti ulilipwa angalau nusu na pesa ya serkali. Hata akisaini kontra ya namna gani, haki haimutoke. Kwetu, sheria ya haki za waandishi ni ya 5 Aprili 1986, mbele ya intaneti kufika, na haki hiyo haimo. Basi watu wawili wanaandika makala moja: wa Leuven sheria inamulinda, wa Lubumbashi anaomba ruhusa.

Watatujibu kama kuko Research4Life, yenye kufungulia vyuo vya inchi kama yetu magazeti mengi. Tunaijua, na inasaidia. Lakini munganga wa kituo cha afya hapa, mwalimu wa sekondari, mwenye mutumbwi, nani kati yao iko na namba ya siri ya chuo?

Tunaomba wabunge waongeze haki hiyo mu sheria ya 1986. Vyuo vyetu viagize kila hati iliyokubaliwa ibakie mu maktaba yao. Na mutafiti anayepima samaki ya Kasenga arudishe kurasa mbili za Kiswahili. Hizo hata leo anaweza: matokeo akiyasema kwa maneno yake mapya, hakuna gazeti ya kumukataza.

Asistanti ao etidia mwenye kontra mukononi, atuletee mbele ya kusaini. Tutaisoma pamoja, mustari kwa mustari.