Wezi wa Baiskeli Chake Chake

Liko jarida la sinema huko London, Sight and Sound, ambalo tangu mwaka 1952 huwauliza wajuzi, kila baada ya miaka 10, ni filamu ipi bora kuliko zote zilizopata kutengenezwa duniani. Mwaka ule wa kwanza ushindi ulikwenda kwa filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1948, Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, kazi ya Bwana Vittorio De Sica. Miaka imepita, orodha imepinduliwa mara kadhaa, na ule wa 2022 ulimpandisha juu mwanamke wa Kibelgiji, Chantal Akerman. Mimi orodha hizo huzisoma, lakini sijapata kusikia kwamba katika hao wanaoulizwa yumo mtu wa Wete.

Kwani sisi nasi tulikuwa na orodha yetu. Wete na Chake Chake zilikuwa na majumba ya sinema, na wazee wetu walioingia humo hawahitaji jarida kuwaambia kipi kizuri. Mtajie Awara ya mwaka 1951, Raj Kapoor na Nargis, mtu aliyekwisha sahau alichokula jana atakuhadithia mwanzo hadi mwisho. Mtajie Mother India ya mwaka 1957, utamwona anatafuta ncha ya kanga ajifutie macho.

Basi hivi karibuni nilifanya jaribio. Nilikusanya watu kama 10 nyumbani kwa shangazi yangu, Chake Chake, tukaunganisha kompyuta na televisheni, nikawawekea hao wezi wa baiskeli wa De Sica. Maneno ya chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza, na waliokijua Kiingereza pale ni wawili. Nikakaa pembeni nikawa nawafasiria kwa sauti, kazi ambayo vijana wetu wa vibanda vya video waliizoea tangu zamani. Nani asiyemjua marehemu Lufufu wa Dar es Salaam, ambaye filamu ya Kichina ikipita mdomoni mwake ilikuwa kama imetengenezwa Manzese?

Kisa chenyewe ni chepesi. Roma baada ya vita, kazi hakuna. Antonio anapata ya kubandika matangazo ukutani, kwa sharti awe na baiskeli, na yake iko rahani. Mkewe anavua mashuka ya kitanda, anayapeleka rahani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza kazini, baiskeli inaibiwa. Filamu yote iliyobaki ni baba na mwanawe mdogo, Bruno, wakiitafuta mji mzima.

Nilidhani vijana watachoka, maana picha haina rangi wala ngumi. Kijana mmoja kweli alitoka, akarudi na urojo. Lakini yale mashuka! Yalipotolewa kitandani wanawake wote walinyamaza. Na mzee mmoja, jirani, aliyewahi kubeba magunia ya karafuu kwa baiskeli, alianza kumfokea Antonio kwenye kioo: "Ifunge! Ifunge kwa mnyororo, bwana wee!"

Mwisho wake, Antonio amekata tamaa, anajaribu kuiba baiskeli ya mtu mwingine. Anakamatwa, anapigwa kofi mbele ya mwanawe. Mwenye mali anamwona mtoto analia, anasamehe. Baba na mtoto wanashikana mikono, wanapotea katika umati. Imekwisha. (Ndiyo maana jina la Kiitaliano linasema wezi, si mwizi. Marekani waliipa jina la mwizi mmoja, wakaila nusu ya maana.)

Zogo likazuka. Yule kijana wa urojo akasema filamu haikumalizika, kwamba Wahindi wangempa mtu baiskeli yake na harusi juu. Shangazi akamgeukia: "Wahindi gani hao, mwanangu? Raj kwenye Awara hakufungwa? Na Nargis kwenye Mother India hakumpiga mwanawe risasi kwa mkono wake?" Kisha akaongeza jambo ambalo sijalikuta katika kitabu chochote cha sinema: kwamba yule jaji wa Awara, aliyeshikilia kuwa mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, angeletwa Roma akamtazame Bruno, aseme mtoto yule atakuwa nani.

Nililala nikilifikiri hilo. Tumezoeshwa kuamini kwamba kuna filamu za wasomi na filamu za machozi na nyimbo, na kwamba watu wetu ni wa fungu la pili. Historia haisemi hivyo. Mwaka 1952 India ilifanya tamasha lake la kwanza la filamu za kimataifa, na filamu hii ya De Sica ilikuwemo. Bimal Roy aliitazama filamu hii ya baiskeli, na mwaka uliofuata akatoa Do Bigha Zamin, kisa cha mkulima na mwanawe waliokwenda Calcutta, baba akavuta riksho kwa miguu yake ili shamba lisichukuliwe kwa deni. Satyajit Ray naye aliiona London mwaka 1950, akaazimia kutengeneza Pather Panchali. Kwa hiyo Roma ilifika Bombay, na filamu za Bombay zilikuwa zikishuka bandarini kwetu.

Kilichotukosesha, kwa maoni yangu, ni sauti. Majumba yamefungwa, hilo tunalijua. Umeme wa waya wa baharini kutoka Tanga tunao tangu mwaka 2010. Tamasha la ZIFF la Unguja limepata kuleta filamu hadi vijijini Pemba. Lakini filamu za mapigano zina mfasiri kila mtaa, hizi zinazosifiwa duniani hazina hata mmoja, kana kwamba mtu asiyejua Kiingereza hana haja nazo. Vituo vyetu vya redio vina watu wenye sauti nzuri, na usiku baadhi yao hawana kazi.

Kwa upande wangu nimekwisha pangiwa zamu nyingine. Safari hii ni Do Bigha Zamin. Shangazi ameuliza kama ina nyimbo. Nimemwambia anazo za kutosha.