Muuzaji wa krimu aulizwe swali moja

Ndugu wasikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya ngozi, na hasa juu ya yale madoa ya kahawia yanayojitokeza usoni na migongoni mwa mikono ya watu waliopigwa na jua miaka mingi. Wengi huyaita madoa ya uzee. Kwa hakika jina hilo linauonea uzee, kwani mkosaji mkubwa ni jua. Mtazame mzee mahali ambapo nguo hufunika siku zote, na madoa ya namna hiyo utayakuta kwa nadra sana.

Madoa haya huwapata zaidi watu weupe. Sisi wenye ngozi nyeusi tumejaliwa kinga katika rangi yetu, ingawa si kinga kamili, na ndugu zetu wenye ualbino hawana hata hiyo. Kwetu sisi madoa ya usoni mara nyingi huachwa na chunusi au vidonda, au huja wakati wa ujauzito. Lakini anayetaka kuliondoa doa, awe mweupe au mweusi, hukutana na muuzaji yule yule mwenye kikopo mkononi na ushahidi mdomoni. "Fulani alipaka hii miezi michache tu, mtazame alivyo sasa!"

Mimi nasema muuzaji huyo aulizwe swali moja: huyo Fulani unamlinganisha na nani?

Swali hili si la ubishi. Ndilo swali ambalo madaktari hujiuliza kabla ya kuiamini dawa yoyote. Mwaka 1992 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine utafiti wao juu ya madoa ya jua. Walichukua wagonjwa 58. Baadhi walipewa krimu yenye tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, na wengine wakapewa krimu tupu isiyo na dawa ndani yake. Wagonjwa hawakuambiwa nani kapewa nini. Wakapaka kwa muda wa miezi kumi.

Matokeo yalikuwaje? Kati ya watu 24 wenye madoa ya usoni waliopaka dawa, 20 walipungukiwa na weusi wa madoa yao, yaani asilimia 83. Dawa inafanya kazi, hilo halina shaka. Lakini sikilizeni upande wa pili. Kati ya watu 28 waliopaka krimu tupu, 8 nao walionekana kupata nafuu. Hao ni asilimia 29, na hawakupaka dawa yoyote!

Ndugu wasikilizaji, chukueni watu hao wanane, muwapeleke sokoni wakasimame kando ya meza ya muuzaji. Kila mmoja ataapa kwa dhati kwamba krimu imemsaidia, na wala hatakuwa anasema uongo. Krimu isiyo na kitu itauzwa mpaka iishe. Huenda walijihadhari na jua wakati wa utafiti, huenda jicho la mpimaji lilikuwa na huruma. Vyovyote iwavyo, tusingeijua nguvu halisi ya dawa bila kuwa na kundi la pili la kulinganisha.

Utafiti huo una mafunzo mengine. Hata dawa ya kweli ilichukua miezi, na wapo wanne ambao haikuwasaidia. Tena wengi ngozi iliwawasha, ikawa nyekundu na kubambuka. Mwaka 1993 watafiti wa chuo hicho hicho walichapisha matokeo ya watu weusi 54 wenye madoa yaliyoachwa na chunusi na magonjwa mengine ya ngozi. Hapo pia dawa ilisaidia, lakini kazi ilikuwa ya wiki 40. Basi anayekuahidi uso mpya kwa siku saba, ana nini ambacho madaktari hao hawakuwa nacho?

Mara nyingi alicho nacho ndicho cha kuogopwa. Katika mikorogo inayouzwa bila maelezo zimekutwa haidrokwinoni, zebaki na steroidi kali. Zebaki huharibu figo. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Nayo haidrokwinoni, ambayo ni dawa mkononi mwa daktari, ikipakwa kiholela kwa muda mrefu huweza kuleta weusi mbaya zaidi usiotoka. Daktari G. H. Findlay wa Afrika Kusini aliyaandika madhara hayo mwaka 1975, kutokana na krimu za kujichubua. Mtu anatoa fedha yake ili doa liondoke, anarudi na doa alilolinunua.

Kuna kinga iliyopimwa kwa njia hiyo hiyo ya kulinganisha. Huko Nambour, Australia, kati ya 1992 na 1996, watu 903 waliokuwa chini ya umri wa miaka 55 waligawanywa. Kundi moja lilipaka krimu ya kuzuia jua kila siku, na jingine lilipaka kwa hiari yake. Ripoti ya mwaka 2013 ilionyesha kwamba ngozi za waliopaka kila siku zilizeeka pungufu kwa asilimia 24 kuliko za wenzao. Vidonge vya beta-karotini, vilivyojaribiwa humo humo, havikuonyesha faida kwa jumla.

Basi kofia, mwavuli na kivuli visidharauliwe. Doa linalokua, linalobadilika rangi au kutoka damu lipelekwe kwa daktari kabla ya kupakwa chochote, kwa kuwa saratani ya ngozi huweza kujificha humo. Mama mjamzito asitumie tretinoini.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Krimu ikija ikijitembeza mlangoni kwako, usiufungue mkoba kwanza. Uliza umelinganisha na nani, kwa muda gani, na wangapi hawakupona. Asiyeweza kujibu, mwache aende zake.

Tukutane tena wiki ijayo.