Ajali ya Maabara Ina Kinga

Hotuba kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa Kisumu na pwani ya Ziwa Victoria



Wazee walinena kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo humfariji mtu aliyekwisha kufikwa na msiba, nayo ni faraja njema. Lakini haifai kuwa kanuni ya chumba cha sayansi. Ajali za chumba hicho, karibu zote, zina sababu ijulikanayo. Na palipo na sababu ijulikanayo, kinga pia ipo.

Watu wa pwani ya ziwa si wageni wa elimu hii. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1906 shule ya Maseno ikaanzishwa, si mbali na mji. Katika shule hiyo alisoma Thomas Odhiambo, bingwa wa elimu ya wadudu, ambaye mwaka 1970 alianzisha kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, chenye tawi lake Mbita, kando ya ziwa. Basi maabara ni mlango wa heshima. Tangu mwaka 2023 watoto wadogo zaidi wameanza kuukaribia mlango huo, kwani wanafunzi wa Gredi ya 7 na kuendelea hujifunza sayansi ya sekondari ya chini katika viwanja vya shule za msingi. Shule nyingi za namna hiyo hazina maabara. Jaribio hufanywa juu ya dawati la kawaida, katika darasa lenye watoto wengi. Kwa hiyo neno la usalama haliwahusu wenye shule kubwa peke yao.

Kinga ya kwanza ni kumweleza mtoto sababu ya kila amri. Mwanafunzi akiambiwa tu, "Usimimine maji katika asidi," huenda akasahau. Lakini akielezwa kwamba asidi kali ya salfuriki ikikutana na maji hutoa joto jingi, na kwamba maji, kwa kuwa ni mepesi kuliko asidi hiyo, hukaa juu, huchemka kwa ghafula na kuirusha asidi usoni, hatasahau. Asidi ndiyo imiminwayo katika maji, kidogo kidogo, huku yakikorogwa. Vivyo hivyo, sodiamu huhifadhiwa ndani ya mafuta kwa sababu ikiguswa na maji hutoa gesi ya haidrojeni na kuweza kuwaka. Taa ya spiriti haijazwi tena ingali inawaka, kwa sababu mvuke wa spiriti huuvuta moto mpaka ndani ya chupa, na mwali wake hauonekani vema mchana. Mtoto ajuaye sababu hujilinda hata mwalimu anapompa kisogo.

Kinga ya pili ni utaratibu. Dawa ya maabara isitiwe kamwe katika chupa ya soda, maana mtoto atokaye uwanjani na kiu hatauliza kilichomo. Kila chupa iandikwe jina, na kabati lifungwe kwa ufunguo ukaao kwa mwalimu au kwa msaidizi wa maabara. Desturi ya kuvuta dawa kwa mdomo katika pipeti ikomeshwe. Mpira mdogo wa kuvutia hufanya kazi hiyo bila hatari. Macho yavikwe miwani, nywele ndefu zifungwe, wala chakula kisiingie. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa kitabu cha kanuni za usalama wa shule, ambacho hutaka milango ya madarasa ifunguke kwa nje. Sababu yake ni wazi: watoto wakimbiao moto huusukuma mlango, na mlango ufungukao kwa ndani hujifunga kwa uzito wao.

Kinga ya tatu ni maji. Asidi ikiingia jichoni, jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi yatiririkayo, muda usiopungua dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali. Ngozi iliyoungua kwa moto nayo ipozwe kwa maji hayo muda wa dakika 20. Isipakwe siagi wala dawa ya meno. Shule nyingi zina mabomba yanayokauka mara kwa mara. Ziwa li karibu, lakini jicho haliwezi kungoja ndoo itoke ziwani. Kabla ya somo kuanza, pipa safi lenye bomba na liwe limejaa. Pasipo maji, jaribio la asidi liahirishwe, hata kama mtihani u karibu.

Liko pia jambo la taka. Kipimajoto cha zebaki kikivunjika, zebaki isifagiliwe wala isimwagwe katika sinki. Wanafunzi watoke, madirisha yafunguliwe, naye mwalimu aikusanye kwa karatasi ngumu na kuitia katika chupa yenye kifuniko. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini. Sumu ikaingia katika samaki, na kutoka kwa samaki ikawaingia wavuvi na watoto wao. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Zebaki ya kipimajoto kimoja ni kidogo sana, lakini watu wa Ghuba ya Winam, walao samaki, hawana haja ya kuiongeza hata tone. Vipimajoto vya spiriti vyafaa zaidi.

Wazazi wengine watauliza fedha zitatoka wapi. Ni swali la haki, kwa maana karo ni mzigo. Lakini ndoo ya mchanga, blanketi nzito, pipa la maji na karatasi za kuandikia majina si vitu vya gharama kubwa. Miwani inagharimu zaidi, lakini hudumu miaka mingi, na darasa moja huweza kuliachia jingine. Jicho la mtoto likipotea halinunuliwi.

Basi halmashauri ya shule na inunue, mwalimu na aeleze, mwanafunzi na atii kwa kuelewa, na mzazi aendapo shuleni na aombe kuonyeshwa pipa la maji. Akilikuta tupu, asiondoke kabla ya kusema.