Ufunguo Usio na Jina: Siri ya Mgonjwa na Wajibu wa Mhudumu Mpakani

Wahudumu wenzangu wa Tororo na wa Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya,

Sote hapa tunamjua mgonjwa anayekipita kituo cha jirani na nyumbani kwake, akapanda boda boda, akavuka mpaka na kuchukulia dawa mahali asipojulikana. Nauli hiyo ameilipia siri. Tukiunganisha kumbukumbu za kituo cha Mukuju, upande wa Uganda, na za ng'ambo kwa kompyuta, siri ile lazima ibaki yake.

Njia ninayowaletea ya kuilinda ilianza mwaka 2005, watafiti Amit Sahai na Brent Waters walipoonyesha kwamba data inaweza kufungwa kwa sifa za mtu badala ya jina lake. Mwaka 2007, pamoja na John Bethencourt, wakalifunganisha sharti na faili lenyewe: afungue aliye muuguzi, wa kliniki ya UKIMWI, wa Mukuju. Mwenye sifa mbili tu kati ya hizo tatu ataona vurugu ya herufi. Ufunguo uko mkononi mwa muuguzi, kwa hiyo hata mtandao ukikatika, nakala iliyo kituoni itafunguka.

Lakini litazameni sharti hilo. Liko wazi, kama maandishi juu ya bahasha. Fundi wa kompyuta akisoma "kliniki ya UKIMWI" ameshajua yote bila kufungua kitu. Sharti nalo lifichwe. Kompyuta itafanya kazi polepole zaidi, na mimi nasema gharama hiyo tuikubali.

Sasa tuje kwetu wahudumu. Niliwahi kufanya kazi katika kituo ambacho sitakitaja. Pembeni mwa skrini ya masjala palibandikwa kwa seloteipu kipande cha boksi la dawa, na juu yake nywila ya muuguzi mmoja, kwa wino mwekundu. Zamu nzima iliitumia. Siri ya msichana mmoja ilipofika sokoni, kompyuta ilimtaja muuguzi yule, naye siku hiyo alikuwa nyumbani akinyonyesha mtoto wa wiki mbili. Alihojiwa siku tatu. Aliyelifungua faili hajajulikana mpaka leo.

Na pale angalau jina lilikuwepo. Ufunguo wa sifa ukitolewa nakala na kuuzwa, anayekamatwa nao ana ufunguo wa "muuguzi wa Mukuju", na wauguzi ni wengi. Dawa yake ni kufuma alama ya mwenye ufunguo ndani ya ufunguo wenyewe, kama uzi ndani ya mkeka: ukiuchomoa, mkeka unafumuka. Kazini alama hiyo haimsemi mtu. Ufunguo ukikutwa kwa asiyehusika, ndipo inasomwa. Haitamzuia anayesoma kwa ufunguo wake halali kisha akasimulia kwa mdomo. Huyo ni wa kiapo na nidhamu ya kazi.

Anayenitia hofu zaidi ni mtoa funguo, yaani ofisi inayowagawia wauguzi funguo hizi. Anaweza kufungua kila faili, tena anaweza kumsingizia muuguzi kwa kuchonga ufunguo wenye alama yake. Na shinikizo huweza kutoka juu. Mwaka 2015 Rais wa Kenya aliagiza zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU. Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo limevunja Katiba. Nchi zetu zote mbili zilipata sheria ya kulinda data mwaka 2019, lakini sheria humkuta mkosaji akiwa ameshasoma.

Mpaka wetu unaweza kutusaidia hapa. Tangu mwaka 2011, kwa kazi ya Allison Lewko na Waters, mamlaka kadhaa zinaweza kutoa sifa bila kutegemeana. Uganda imtambue muuguzi wake, Kenya imkubali kwa mgonjwa wa mpakani, na faili lidai yote mawili. Hapo hakuna ofisi itakayolifungua peke yake. Daftari la kuoanisha alama na majina likae Tororo kwa wauguzi wa Uganda na Busia ya Kenya kwa wa Kenya, na lisifunuliwe mpaka ufunguo uliokamatwa uwekwe mezani, mwenyewe akiwepo.